Binti yangu ameniuliza kwa nini sikomuniki

Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Shikamoo.

Nimeisoma safu hii kimya kimya kwa muda mrefu. Leo nimejikaza niandike, maana kuna jambo limenikaba kooni na sina wa kumuuliza.

Niliolewa kanisani nikiwa na miaka 19, tayari nina mimba. Baba alipojua, alikwenda kwa wazazi wa kijana, wakakubaliana, tarehe ikapangwa, mimi nikaarifiwa. Usiku mmoja nilimwambia mama, "Mimi simpendi, na yeye hanipendi." Akanijibu kwamba mapenzi yatakuja yenyewe, kwanza tuondoe aibu. Siku ya ndoa, padre alipouliza kama nimekuja kwa hiari yangu, niliitikia ndiyo kwa sauti, kwa sababu baba alikuwa ameketi benchi la mbele ananitazama.

Kumbe mwenzangu alikuwa na mwanamke mwingine tangu kabla ya harusi. Aliniambia mwenyewe baadaye, bila hata kuficha. Alisema hakuwahi kuwa na nia ya kumwacha, na kwamba alinioa kwa kuwa alibanwa. Alihamia kwa huyo mwanamke binti yetu akiwa bado ananyonya. Talaka ya mahakama ya serikali aliiomba yeye, akaipata, wakaoana.

Nililea mtoto peke yangu kwa miaka kadhaa. Tangu siku ya ile talaka sikukomunika tena, nilijua basi. Kisha nikakutana na huyu ninayeishi naye sasa. Ni Mkatoliki na hajawahi kuoa. Tulifunga ndoa ya serikali kwa sababu tuliambiwa kanisani haiwezekani. Yeye amemlea binti yangu kama wa kumzaa, na tumejaliwa mtoto wa kiume.

Mwanzoni nilikuwa nakwenda Misa na kukaa nyuma. Wengine wakipanga foleni kwenda kukomunika, mimi nainamisha kichwa kana kwamba nasali. Mwishowe nikaacha kabisa. Siku hizi mume ndiye huwapeleka watoto.

Sasa binti yuko kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Juzi alinifungulia daftari lake anionyeshe alivyoandika, herufi kubwa kubwa za kalamu ya risasi: "Ekaristi ni chakula cha roho." Akalisoma kwa sauti, akanitazama, akauliza, "Mama, sasa roho yako wewe inakula nini?" Niliinuka nikaenda jikoni, nikafungulia maji asinisikie.

Rafiki yangu ananiambia nikomunike tu, Papa Fransisko aliruhusu, na siku hizi hakuna anayejali mambo hayo. Mama yangu mzazi anasema nimetengwa na Kanisa na nikifa sitafanyiwa Misa ya maziko. Mama mkwe anasema mtoto wetu mdogo habatizwi kwa sababu amezaliwa nje ya ndoa, na kweli hatujambatiza. Mtu mwingine kanishauri niombe ile ndoa ya kwanza ifutwe, ila akaongeza kwamba hayo ni ya wenye fedha na wenye kujulikana, na kwamba nikifanikiwa binti yangu atahesabiwa mwana wa haramu. Hilo la mwisho ndilo limenifunga. Siwezi kutafuta amani yangu kwa kumvunjia heshima mtoto.

Siombi kuhurumiwa, Mama. Naomba niambiwe ukweli. Mimi niko ndani au niko nje?

Mama wa watoto wawili

*

Milele amina, mwanangu. Marahaba.

Uko ndani. Nimelitanguliza hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia, kwa sababu uliomba ukweli, na ukweli wa jambo hili una sehemu ya kufariji na sehemu ya kuuma.

Hakuna aliyekutenga. Katika katekesi yake ya tarehe 5 Agosti 2015, Papa Fransisko alisema waziwazi kwamba walioachana na kuingia katika ndoa nyingine hawajatengwa na Kanisa, na ni kosa kuwatendea kana kwamba wametengwa. Wala hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika wosia wa kitume Familiaris Consortio, aliwasihi wachungaji na jumuiya nzima ya waamini wawasaidie watu wa hali yako wasijione wako mbali na Kanisa, kwa kuwa wamebatizwa na wanaweza, tena wanapaswa, kushiriki maisha yake. Katekisimu inasema hivyo hivyo katika namba 1651. Mama yako naye hakulizua analolisema. Zipo nyakati na mahali ambapo adhabu hiyo ilikuwepo: nchini Marekani, mtaguso wa maaskofu uliofanyika Baltimore mwaka 1884 uliagiza kwamba Mkatoliki anayeachana na kufunga ndoa nyingine atengwe, na adhabu hiyo ikaja kuondolewa mwaka 1977. Hofu ya namna hiyo husafiri mbali na hukaa muda mrefu, hata kwa watu ambao sheria yenyewe haikuwahi kuwahusu.

Kuhusu maziko, mtulize mama. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa inawanyima maziko ya Kanisa watu wa aina chache sana, kama waliokana imani hadharani, na hata hao wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa hawanyimwi. Mtu anayeililia Ekaristi kama wewe hana sababu ya kulala macho kwa ajili ya hilo.

Kuna mstari mmoja katika barua yako niliousoma mara mbili kwa uchungu: kwamba tangu siku ya talaka hukukomunika tena. Mwanangu, miaka ile uliyokaa peke yako na mtoto, mlango wa Ekaristi ulikuwa wazi kwako. Talaka ya serikali peke yake haimzuii mtu kukomunika, sembuse aliyeachwa. Katekisimu, namba 2386, inasema kwamba mwenza ambaye hana hatia katika talaka hakuivunja amri. Na namba 2383 inakubali kwamba talaka ya serikali yaweza kuvumiliwa pale ambapo ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au mali ya urithi. Ulistahili kuambiwa hivyo na mtu wa parokia aliyekuona unabaki kwenye benchi. Nawaandikia na wengine wanaosoma hapa: ikiwa umeachwa na unaishi peke yako, nenda ukaungame dhambi zako kama Mkristo mwingine yeyote, kisha ukakomunike. Huna sababu ya kujinyima.

Hali yako ya sasa ni nyingine, na hapa sitakupaka mafuta. Kinachozuia ni muungano wa pili wakati wa kwanza bado unahesabiwa kuwa hai. Bwana alisema, "Aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe," na Kanisa halijajiona lina mamlaka ya kulipunguza neno hilo. Sheria yake, kanuni ya 1060, inaipa kila ndoa haki ya kudhaniwa kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ekaristi ni ishara ya upendo wa Kristo kwa Kanisa lake, upendo usiovunjika, na ndoa ya Kikristo ni ishara ya upendo huohuo. Ndiyo maana mambo haya mawili hayatenganishwi. Mimi naliamini fundisho hili na nalipenda. Wako wanawake na wanaume walioachwa kama wewe, wakabaki peke yao miaka yote kwa ajili ya neno hilohilo la Bwana, na hakuna anayewapongeza. Tukilifanya jepesi, tunawaambia kwamba walijitesa bure.

Sasa rafiki yako na Papa Fransisko. Kilichoandikwa ni wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, hasa sura ya nane. Papa hakuandika kwamba kila aliye katika ndoa ya pili akomunike. Alisema hali za watu hazifanani na haziwezi kuwekewa kanuni moja mpya inayowafaa wote, na kwamba padre ana wajibu wa kumsindikiza kila mmoja apambanue mbele ya Mungu yuko wapi. Katika tanbihi moja maarufu aliongeza kwamba safari hiyo yaweza, katika hali fulani, kuhusisha msaada wa sakramenti. Maaskofu hawakuisoma tanbihi hiyo kwa namna moja: wale wa eneo la Buenos Aires waliielewa kuwa inafungua njia katika hali fulani ngumu, na Papa akawaandikia kukubali maelezo yao, wengine walisisitiza tu mazoea ya tangu zamani, kwamba kama wawili hawawezi kuachana kwa sababu ya watoto, basi waishi kama kaka na dada. Kwa hiyo "Papa aliruhusu, kakomunike tu" si maneno ya Papa. Ukiyafuata, utarudi kwenye benchi na komunyo mdomoni na moyo ule ule uliokupeleka jikoni.

Lakini ichukue ile sura kwa upande wake mwingine pia, ambao watu huuruka. Papa anawataka watu wa hali yako wajiulize: watoto walitendewaje ndoa ilipoanza kuyumba? Je, palikuwa na jitihada za kupatana? Aliyeachwa yuko katika hali gani? Muungano mpya umeigusaje familia na jumuiya ya waamini? Yeye anayataja hayo kama maswali ya toba, na nakuomba ukae nayo kwa utulivu, hata kama katika habari yako aliyeachwa ni wewe.

Basi nifike penye kiini cha jibu langu. Nimesoma ulivyoolewa, na sioni kwa nini hadi leo hakuna aliyekupeleka mahakama ya Kanisa.

Watu husema "kufuta ndoa", na ndiyo maana wanaogopa. Hakuna kinachofutwa. Talaka hukata kamba. Mahakama ya Kanisa hutazama kama fundo lilipata kufungwa. Inairudia siku moja tu, siku ile mlipotamka ridhaa, na kuuliza: je, wawili hawa walikuwa huru? Waliweza? Walitaka kweli kile ambacho Kanisa linakiita ndoa? Kanuni ya 1057 inasema ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijazia nafasi ridhaa hiyo. Wala baba mzazi hawezi.

Yanayotokea baadaye hayabatilishi ndoa. Mume akizini mwaka wa tano ametenda dhambi kubwa, lakini ndoa iko palepale. Pia kuolewa na mimba peke yake si hoja. Wako wengi walioanza hivyo na ndoa zao ni imara na halali. Kwa hiyo mimi siwezi kukuambia utashinda. Mimi si hakimu, na hata hakimu haruhusiwi kutamka ubatili mpaka awe na uhakika wa kimaadili, yaani uhakika usioacha shaka ya maana, kutokana na ushahidi uliowekwa mbele yake. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ulichokiandika kina mambo ambayo sheria inayataja kwa jina. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa itokayo nje ni batili, hata kama aliyekutia hofu hakukusudia kukutia. Kanuni ya 1101 inasema ndoa ni batili ikiwa mmoja, kwa tendo la dhahiri la utashi wake, ameondoa kitu cha msingi katika ndoa, na uaminifu ni mojawapo. Kanuni ya 1095 inahusu mtu aliyepungukiwa sana uwezo wa kupima haki na wajibu anaoutwaa. Binti wa miaka 19 ambaye alimwambia mama yake wazi kwamba hampendi, na mwanaume aliyeingia kanisani akiwa hana nia ya kumwacha mwingine: hizo ni habari ambazo mahakama itataka kuzisikia.

Na kuna zaidi. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirekebisha mwenendo wa mashauri haya kwa barua iitwayo Mitis Iudex Dominus Iesus, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Tangu katikati ya karne ya 18 ilihitajika hukumu mbili zinazokubaliana ndipo mtu awe huru kufunga ndoa. Sasa hukumu moja inatosha ikiwa hakuna aliyekata rufaa ndani ya siku 15. Ikaanzishwa pia njia fupi mbele ya askofu mwenyewe, kwa mashauri ambayo ushahidi wake uko wazi na wote wawili wanakubali. Katika taratibu zilizoambatana na barua hiyo imetolewa mifano ya mambo yanayoweza kufungua njia hiyo fupi. Soma mwenyewe mitatu: ndoa iliyodumu muda mfupi sana, mtu kung'ang'ania uhusiano wa nje wakati wa harusi au mara tu baada yake, na ndoa iliyofungwa kwa sababu ya mimba isiyotarajiwa. Hiyo ni mifano ya kuanzia uchunguzi, haimaanishi kwamba ndoa kama hizo ni batili moja kwa moja. Lakini mwanangu, ni kama wamesoma barua yako.

Huenda unaogopa kusimama ukumbini ukitazamana na mume wako wa kwanza. Haiwi hivyo. Unaandika historia yako, unaambatanisha vyeti vya ubatizo na ndoa na hati ya talaka, unataja mashahidi. Kila mmoja anahojiwa peke yake, na sheria hairuhusu wenye shauri kuwepo wengine wanapohojiwa. Kwa kawaida mahakimu huwa watatu, mmoja wao padre anayeongoza. Wengine wawili wanaweza kuwa walei. Yupo pia mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kuleta kila hoja ya haki inayoonyesha kwamba ndoa ilikuwa halali. Usimwone adui, ni kwa sababu yuko pale ndipo hukumu, ikitoka upande wako, utaweza kuiamini. Mume wako wa kwanza ni lazima aarifiwe, kwa hiyo usifiche anapoishi. Akikataa kufika, shauri linaendelea bila yeye. Sheria inataka mahakama ya ngazi ya kwanza isivuke mwaka mmoja. Penye uhaba wa watendaji huchelewa, nawe ujiandae kuwa na subira.

Mashahidi ndipo penye uzito kwako. Wanaohitajika ni waliokujua wakati ule, na hao ni mama na baba. Mama ndiye uliyemwambia usiku ule kwamba humpendi; hakuna mwingine mwenye ushahidi huo. Baba ndiye anayejua alivyokwenda na alivyosema. Itakuwa vigumu kuwaomba. Usiende kuwashtaki. Waambie kwamba mahakama haiwatafutii kosa, inataka tu kujua ilikuwaje, na kwamba kusema kweli sasa ni zawadi wanayoweza kukupa wakati bado wako hai. Nimewaona wazazi waliokataa mara ya kwanza, wakakaa nalo, kisha wakaenda na kusema yote. Ikiwa wao hawataki kabisa, fikiria shangazi, msimamizi wa ndoa, rafiki uliyemlilia wakati ule.

Uvumi kwamba ni shauri la wenye fedha ufutwe. Papa aliagiza mashauri haya yawe bure kadiri inavyowezekana, watendaji wakilipwa ujira wao wa haki kwa njia nyingine. Majimbo mengine bado yanaomba mchango. Uliza mapema bila aibu, na kama huna, sema huna. Umaskini haumfungii mtu haki yake mbele ya mahakama ya Kanisa.

Na sasa lile lililokufunga. Kanuni ya 1137: watoto waliotungwa au kuzaliwa katika ndoa halali, au katika ndoa iliyodhaniwa kuwa halali na angalau mmoja wa wazazi kwa nia njema, ni watoto halali. Hukumu ya ubatili hairudi nyuma kumgusa mtoto. Binti yako atabaki vilevile alivyo leo katika vitabu vya Kanisa, na jina lake, na baba yake, na wajibu wa baba yake kwake. Aliyekuambia kinyume chake amekutia hofu bure, na hofu hiyo imekugharimu miaka.

Kijana wako mdogo abatizwe. Usingojee hukumu yoyote. Kanuni ya 868 inadai mambo mawili: mzazi mmoja angalau aridhie, na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani ya Kikatoliki. Hali ya ndoa ya wazazi haikutajwa. Mtoto ambaye baba yake humpeleka kanisani pamoja na dada yake, na mama yake anaandika barua kama hii, tumaini hilo analo. Tafuteni msimamizi wa ubatizo anayeishi imani yake na mkaandikishe.

Kuhusu siku zilizo kati ya leo na hukumu: rudi kwenye Misa. Wajibu wa Dominika haujakuondoka, na Misa haianzi wala kuisha kwenye foleni ya komunyo. Neno linasomwa kwa ajili yako, sadaka inatolewa kwa ajili yako pia. Papa Benedikto XVI, katika wosia wa kitume Sacramentum Caritatis wa mwaka 2007, alizitaja njia zilizo wazi kwa mtu wa hali yako: kushiriki Misa hata bila kukomunika, kusikiliza Neno, kuabudu Ekaristi, sala, mazungumzo ya kweli na padre, matendo ya huruma, matendo ya toba, kuwalea watoto. Wakati wa komunyo usijifanye unasali, sali. Mwambie Bwana kwa maneno yako kwamba unamtamani na huwezi sasa kumpokea katika sakramenti, aje rohoni mwako. Wakristo wamesali hivyo karne nyingi, wagonjwa, wafungwa, walio mbali na padre, na tunaiita komunyo ya tamaa. Nenda pia ukazungumze na padre hata kama bado hawezi kukupa ondoleo. Mazungumzo hayo yana neema yake.

Binti naye anangoja jibu, na usimkwepe. Ana umri wa kuelewa kidogo. Ningemwambia: "Mama anamtamani Yesu katika Ekaristi. Liko jambo la ndoa yangu ya zamani ambalo nimeliomba Kanisa lilitazame, na nikingoja ninamsikiliza Yesu katika Neno lake na ninasali. Wewe ukimpokea, niombee." Usimseme vibaya baba yake, na usimwambie kwamba Kanisa ni kali. Siku ya komunyo yake keti mbele, pamoja na wazazi wengine.

Huenda mahakama itatamka kwamba ndoa ile ilikuwa halali. Ni lazima ujiandae na hilo pia. Ipo haki ya rufaa. Na ikibaki hivyo, ndipo wewe na mwenzako mtakaa na padre muulizane kwa uzito ni maisha gani Mungu anawaomba, likiwemo lile la kuishi kama kaka na dada, ambalo wapo wanaoliishi kwa upendo mkubwa bila mtu kujua. Hukumu ikitoka upande wenu, na ikiwa haina masharti, mtakuwa huru kufunga ndoa kanisani; ile ya serikali haitageuka yenyewe kuwa sakramenti, mtahitaji maandalizi na kutamka ridhaa upya. Safari hii hakikisha hakuna anayekutazama kwa jicho la kukubana.

Usimvizie paroko mlangoni baada ya Misa, hapo watu wanamsalimia na atakujibu kwa haraka. Piga simu ofisi ya parokia, omba muda wa kukaa naye, mwende wawili. Beba vyeti ulivyonavyo, na mwanzo wa historia yako ukiwa umeuandika. Barua uliyoniandikia ni mwanzo mzuri. Uliza ubatizo wa mdogo siku hiyohiyo. Na ikitokea padre huyo akasema halijui jambo hili au hana nafasi, muulize anwani ya mahakama ya jimbo na uende mwenyewe. Kanuni ya 1674 inawapa wanandoa haki ya kupinga uhalali wa ndoa yao, na haki hiyo haipitii kwenye ruhusa ya mtu mwingine.